Paka Hashibi kwa Wali: Kumchagulia Chakula Paka Anayekataa Kula

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Likoni. Yanachapishwa hapa pia kwa ajili ya wakazi wa Kisauni, Changamwe na kwingineko bara ya Mombasa.

Nawashukuru wazee wa mtaa kwa kutukaribisha, na nyinyi mama zangu mlioacha vyungu jikoni kuja kusikiliza habari za paka. Najua wapo waliocheka walipoona tangazo. Watu wana shida ya maji, wana takataka, na leo afisa wa kaunti amekuja kuzungumza juu ya paka? Ndiyo, nimekuja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti huduma za mifugo na pia udhibiti na ustawi wa wanyama. Kwa hivyo ni kazi yetu. Tena kila nikikaa na wakazi, iwe Mtongwe, Mtopanga au Magongo, swali hili halikosi: "Paka wangu hataki kula. Nimpe nini?"

Wazee wetu walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Tunautumia msemo huo tukimsema mtu, lakini ukiuchukua kwa maana yake ya wazi, ni ushauri sahihi wa daktari wa mifugo. Paka ni mla nyama. Si kama mbwa, wala si kama sisi. Mwili wake umeumbwa kwa panya mzima: nyama, moyo, ini, mifupa mibichi na maji yaliyomo ndani yake. Hata utamu wa sukari paka hauonji. Wanasayansi waligundua mwaka 2005 kwamba jeni ya kipokezi cha utamu kwenye ulimi wake imeharibika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nina paka jike anayeitwa Kashata, kwa sababu manyoya yake yana rangi ya kashata ya njugu. Ni mnene, na kosa hilo ni langu. Mwisho wa mwezi mmoja mfuko ulikuwa mwepesi, nikaona duka moja linapima chakula kikavu cha paka kwa kilo kutoka gunia kubwa lililo wazi. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile niliyozoea. Nikafungiwa kwenye mfuko wa karatasi, nikaenda zangu nyumbani nimefurahi. Kashata alinusa, akakwaruza sakafu kandokando ya sahani kama paka anayefukia kinyesi chake, akaondoka.

Jirani yangu, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Muache huyo, anadeka. Njaa itamfunza." Nikamuacha. Siku ya kwanza alikuwa akinifuata akilia. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu alijikunja chini ya kitanda, ute unamtoka mdomoni. Siku ya nne nilimvuta nje kwenye mwanga, nikaona ngozi ya ndani ya masikio yake imeingia umanjano.

Daktari wa mifugo alinieleza hivi. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kuyavunja mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuyamaliza. Ini hujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi. Ndiyo ule umanjano. Asipolishwa kwa nguvu, hufa. Kashata aliwekwa mrija ubavuni mwa shingo, na kwa wiki tano nilikuwa naamka alfajiri kumsukumia uji wa chakula kwa bomba la sindano, kisha narudi tena mchana, kisha jioni, kisha kabla ya kulala. Gharama yake sitaitaja hapa, maana mama yangu husoma jarida hili.

Nilipopata nafasi ya kupumua, nilikichukua kile chakula nikakinusa mwenyewe. Kilinuka kama mafuta ya kukaangia viazi yaliyokaa wiki mbili kwenye karai. Kashata alijua siku ya kwanza. Mimi nilijua siku ya sita. Nami nimesomea uandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali, na dukani sikuuliza swali moja tu: pakiti yake iko wapi?

Kwa hivyo la kwanza ninalowaomba leo ni hili: paka akikataa chakula, msimshindishe njaa. Akipitisha siku nzima bila kula chochote, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na kwa mtoto wa paka msingoje hata hiyo siku. Huenda jino limeoza. Huenda ana vidonda mdomoni, au mafua yamemziba pua, na paka asiyesikia harufu hali. Na akiwa ni dume, anachuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, huyo ni wa kupelekwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo imeziba, na ikikaa siku moja au mbili hivyo anaweza kufa. Msimpe paracetamol kumtuliza maumivu. Kidonge kimoja cha binadamu chatosha kumuua paka.

Sasa tuje kwenye pakiti. Nimeleta kadhaa hapa mezani.

Geuzeni nyuma, msitazame picha ya mbele. Picha ya mbele ina samaki anayeng'aa na paka aliyechanwa manyoya, haikuambii kitu. Nyuma, kwa maandishi madogo, tafuteni neno la Kiingereza "complete". Maana yake chakula hicho peke yake kinamtosha paka kila siku. Mkikuta "complementary", hicho ni kitoweo tu, cha kuongezea juu ya chakula kingine. Makopo mengi mazuri mno, yale yenye vipande vya jodari unavyoweza kuvitamani mwenyewe, ni ya aina hii ya pili. Paka anayelishwa hayo tu, mwaka mzima, anakula vizuri na huku anapungukiwa. Kwenye pakiti za Marekani mtaona pia jina AAFCO, chama kinachoweka viwango vya chakula cha wanyama kule. Tazameni vilevile kimeandikwa kwa paka wa umri gani, maana mtoto na paka mwenye mimba wanahitaji zaidi.

Neno la pili la kutafuta ni "taurine", taurini. Hii ni kemikali iliyomo kwenye nyama na samaki, ambayo mbwa na binadamu huitengeneza wenyewe mwilini, lakini paka hawezi kuitengeneza ya kumtosha. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka akiikosa, macho yake huharibika hadi upofu. Mwaka 1987, huko California, daktari Paul Pion na wenzake wakaonyesha kwamba huua pia moyo: misuli hulegea, moyo hutanuka, paka hufa. Na wale paka walikuwa wakila vyakula vya dukani vya kampuni zinazojulikana. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini. Ndiyo maana chakula cha mbwa, ambacho najua wengi wenu humpa paka kwa sababu ni rahisi, hakimfai. Mtengenezaji hakulazimika kuiweka taurini humo.

Kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji hawawaambii. Kopo limeandikwa protini asilimia 10, mfuko wa chakula kikavu umeandikwa asilimia 30. Mtu atasema mfuko ni bora mara tatu. Lakini tazameni maji. Kopo lina maji asilimia 80, kwa hivyo kitu kikavu kilichobaki ni 20, na katika hiyo 20, protini ni 10. Ni nusu nzima. Mfuko una maji asilimia 10, umebaki na 90, na protini 30 kati ya 90 ni theluthi moja. Kopo limeushinda mfuko. Kiwango cha chini cha AAFCO kwa paka mzima ni asilimia 26, na kwa mtoto ni 30, zote zikihesabiwa bila maji.

Maji yenyewe ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Paka wetu wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, mnyama aliyezoea kupata maji ndani ya windo lake. Kiu yake ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu tu, katika joto hili letu, na bakuli la maji ya kisima yenye chumvi chumvi, atakunywa kidogo mno, na madume ndio huishia na mkojo kuziba. Mwekeeni maji yale mnayokunywa nyinyi. Bakuli liwe pana, mbali kidogo na chakula, na mbadilishe kila siku. Kikavu mnaweza kukilowesha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumpa.

Na wale walioshughulika na dini yao wana haki ya kuuliza kilichomo, maana wengi tunatawadha na tunashika sahani za paka. Pakiti ikiandika tu "meat" au "animal derivatives" bila kutaja mnyama, haijawajibu. Chagueni iliyotaja kuku au samaki.

Nimesikia mtu pale nyuma akinong'ona kwamba wenyewe hatujashiba, tutanunua kopo la paka? Swali hilo ni halali na sitalikwepa. Paka wengi wa bara hawajawahi kuiona pakiti. Wanakula vichwa vya samaki kutoka kwa wauzaji wa karibu na feri, omena kutoka Kongowea, na masalio ya chakula cha jioni. Basi tuzungumze juu ya hayo, kwa sababu hapo ndipo paka wengi wanapoumia bila mwenyewe kujua.

Samaki mpikeni. Baadhi ya samaki wabichi, dagaa wakiwemo, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki mbichi kila siku huanza kwa kukataa kula, na hapo ndipo husemwa anadeka. Kisha kichwa kinainamia kifuani, anayumba kama mlevi, mwishowe anapata kifafa. Moto huharibu kimeng'enya hicho. Lakini mkichemsha, ile taurini niliyoisema inatoka na kubaki kwenye maji, basi msiyamwage. Mpeni samaki pamoja na supu yake, isiyo na chumvi, isiyo na kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi wa nazi wa jana, pamoja na utamu wake wote, ni hatari kwake. Mnaweza tu kutoa kipande chake kabla ya kutia viungo. Ni sekunde mbili.

Omena huoshwe sana, maana huja na mchanga. Ng'onda na papa wa chumvi si vyake. Jodari na vibua vya mafuta kila siku, miezi nenda rudi, humletea upungufu wa vitamini E, na mafuta ya chini ya ngozi yakavimba. Utaona paka analia ukimgusa mgongo. Bunju, yule samaki anayejaza tumbo na ambaye wavuvi humtupa ufuoni, ana sumu isiyokufa kwa kupikwa. Ukimwona paka akimzengea, mwondoe.

Vyakula rahisi na vizuri ambavyo watu huvipuuza ni mioyo ya kuku, nyama ya paja, na pweza kidogo aliyechemshwa. Vyote vina taurini nyingi. Mifupa iliyopikwa itoeni, hupasuka kama vijiti. Ini ni zuri mara moja au mbili kwa wiki, kipande kama kidole gumba. Paka akizoea ini kila siku, vitamini A hurundikana mwilini na mifupa ya shingo hushikana. Na maziwa, licha ya picha zote za vitabu vya watoto, paka wazima wengi hawawezi kuyasaga. Humharisha.

Hata hivyo nyama au samaki wa kuchemsha peke yake si chakula kamili. Hakina chokaa ya kutosha, kwa mfano. Mwenye uwezo mdogo na afanye hivi: anunue mfuko mdogo wa chakula kilichoandikwa "complete", kiwe ndio msingi wa kila siku hata kama ni kidogo, na samaki awe wa kuongezea. Paka anayewinda panya wenu anajipatia sehemu ya mahitaji yake mwenyewe. Ila msitege sumu ya panya mahali paka anapowinda. Panya aliyekula sumu akiliwa, humuua na paka.

Nirudi kwenye mfuko wa kupima, maana bado unaniuma. Mafuta yaliyomo kwenye chakula kikavu huharibika yakikutana na hewa na joto, na hapa kwetu wakati wa masika hata chumvi mezani hugeuka maji. Unyevu nao huleta kuvu. Mwaka 2004 Kenya ilipoteza watu 125 kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Chakula cha wanyama kina nafaka zile zile. Kwa hivyo nunueni mfuko uliofungwa kiwandani, mdogo wa kuisha ndani ya wiki nne au tano, mtazame tarehe, kisha muuhifadhi mfuko wenyewe ndani ya debe lenye kifuniko, juu ya kiti au rafu. Msikimimine chakula kwenye debe na kutupa mfuko. Mwaka 2007, Amerika Kaskazini, kampuni ya Menu Foods iliondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60, baada ya unga wa ngano kutoka Uchina kukutwa na melamini iliyoharibu figo za paka na mbwa. Ni mwenye kopo mkononi tu aliyeweza kulinganisha namba ya toleo. Mwenye chakula kisicho na pakiti angelinganisha na nini?

Mkimbadilishia chakula, fanyeni polepole. Siku mbili za kwanza robo kipya na robo tatu cha zamani, kisha nusu kwa nusu, hadi wiki moja au siku kumi zipite. Paka hukumbuka alivyolishwa utotoni, na aliyekulia dagaa tu huenda asikitambue kikavu kuwa ni chakula. Kilicho baridi kutoka friji kipasheni moto kidogo, kiwe na joto la panya aliyetoka kukamatwa, harufu itoke. Tumieni sahani pana ya udongo au bati, masharubu yasibanwe, na iwe mbali na mahali anapojisaidia. Chakula cha maji kisikae nje zaidi ya saa moja katika joto hili. Kwa sisimizi, wekeni sahani ndani ya sinia lenye maji, kama tunavyofanya na bakuli la sukari.

Mwezi wa Ramadhani huwa naulizwa sana. Nyumba inalala mchana na kuamka usiku, chakula kinapikwa alasiri, na paka anachanganyikiwa, anakula futari ya watu kisha anatapika. Wekeni nyakati zake zile zile za siku zote. Yeye hafungi.

Mkihitaji daktari, anzieni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yenu. Anayejiita daktari mtaani muulizeni usajili wake wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Hatakasirika kama anao. Na mkienda, bebeni pakiti ya chakula anachokula, au picha yake kwenye simu, upande wa nyuma.

Kashata sasa ni mwembamba, na anakula kikavu kilicholoweshwa asubuhi, na samaki na supu yake jioni. Bado hukwaruza sakafu mara moja moja. Akikwaruza, mimi hunusa kwanza. Sasa pakiti hizi tano ziko hapa mezani, mbili kati yake hazifai. Njooni mzigeuze, mniambie ni zipi, kisha tuchukue maswali.